Cheki yake imerudi, na yangu ni ya Alhamisi

Mama, shikamoo.

Mimi ni mjane wa miaka 43, naishi Mombasa, ng'ambo ya Likoni. Nina duka la hadiwea nililoachiwa na mume wangu miaka mitatu iliyopita. Si duka kubwa: saruji, mabati, misumari, rangi, mifereji ya maji. Alipokuwa hai nilikuwa nakaa pale mchana tu, kupima misumari na kupokea pesa. Sasa nafungua mimi na nafunga mimi.

Kuna mtu nitamwita Bwana K. Ni mwanakandarasi, rafiki wa mume wangu tangu wakiwa chuoni kusoma juzuu. Siku ya mazishi yeye ndiye aliyeshuka kaburini kumlaza mwenziwe. Wanangu humwita baba mdogo.

Januari alikuja dukani akasema amepata kazi ya kujenga madarasa manne, kazi ya ofisi moja ya umma. Alichukua mifuko 600 ya saruji, mabati ya geji 30 na vyuma, jumla shilingi 780,000. Pesa taslimu hakutoa hata senti. Aliinamia kaunta akaandika cheki tatu kwa kalamu yangu mwenyewe, 260,000 kila moja: ya mwisho wa Februari, ya mwisho wa Machi na ya mwisho wa Aprili. Nikamwuliza, "Shemeji, hizi zitapita kweli?" Akacheka: "Zisipopita, njoo uchukue gari."

Ya Februari ikapita. Moyo ukatulia. Ya Machi imerudi. Msichana wa benki alinirudishia na kikaratasi kilichoandikwa R/D, na benki yangu ikanikata ada juu yake, kana kwamba ni mimi niliyekosa. Nilimpigia Bwana K siku mbili hapokei. Siku ya tatu akaniandikia: "Shemeji nisitiri. Wale hawajanilipa. Ile ya Aprili usipeleke kwanza, nitakuambia." Ujumbe ninao.

Tangu hapo kila mtu ana la kusema. Kaka wa marehemu, ambaye ndiye mkubwa wetu, ameniambia nisithubutu kumpeleka mtu huyu popote, ni kama ndugu, na mdeni mwenye dhiki hupewa muhula. Kaka yangu wa tumbo moja yeye anataka picha ya ile cheki tuitie kwenye kundi la WhatsApp la wenye hadiwea, watu wamjue. Kisha kuna askari mmoja, mteja wangu. Ameniambia nimpe "ya mafuta" kidogo, atamkamata Ijumaa jioni, alale ndani mpaka Jumatatu. Anasema kwa wiki moja pesa zote zitatoka.

Usiku nafungua daftari la marehemu. Alikuwa akiandika kila aliyekopa, na akilipwa anatia alama ya vyema kwa wino mwekundu. Nimekuta jina la Bwana K, mwaka 2016, shilingi 90,000. Halina alama. Kwa hiyo alimsamehe, mimi ndivyo ninavyoona. Sasa mimi nani nimdai?

Lakini Mama, mtu muungwana haandiki cheki ambayo hana pesa yake. Huo ni wizi kwa kalamu. Naona bora akamatwe tu.

Jambo la mwisho, nusura nisiliandike. Vile vitu vya Bwana K sehemu kubwa nilivichukua kwa mzee wa jumla kule Changamwe, nikamwandikia cheki yangu ya 310,000. Tarehe yake ni Alhamisi ya wiki ijayo. Niliiandika nikitegemea ile ya Machi. Leo asubuhi akaunti yangu ilikuwa na 94,000. Huyo mzee sijamwambia. Nikimwambia, ataniona mwanamke asiyeweza biashara, na akifunga mkono, duka limekufa.

Nifanyeje?

Mjane wa Dukani

*

Marahaba, mwanangu.

(Kwa wasomaji: bibi huyu nilimjibu siku ileile niliyopata barua yake, kwa sababu ya hiyo Alhamisi. Inachapishwa sasa kwa ridhaa yake, na vitu viwili vitatu vimebadilishwa asitambulike.)

Nikuambie kwanza kwamba ninaijua ile kaunta ya benki unayoizungumzia, upande wa pili wa kioo. Nilikuwa karani wa benki miaka kumi na minne kabla ya kushika kazi hii ya kusikiliza watu. Nyinyi mnaita cheki, sisi tulifundishwa kusema hundi. Nimewarudishia watu nyingi, na nilichojifunza ni kwamba anayerudishiwa hundi huona haya kuliko aliyeiandika. Hugeuka kutazama nani yuko nyuma yake kwenye foleni. Kwa hiyo sikushangaa uliposema ulikatwa ada kana kwamba umekosa wewe. Hujakosa.

Kama nimekuelewa, unadai 520,000: hundi moja imerudi, moja umeombwa usiipeleke. Anayedaiwa ni mtu aliyemlaza mumeo kaburini. Watu watatu wanakuvuta pande tatu. Na nyuma ya yote kuna hundi yako, ambayo umeiweka mwisho wa barua kama mtu anayetaja ugonjwa wake akiwa ameshika kitasa cha mlango wa daktari. Mimi hiyo ndiyo naiona ya kwanza, na nitairudia.

Umesema mtu muungwana haandiki hundi ambayo hana pesa yake. Mwanangu, ulipomwandikia mzee wa Changamwe, pesa zilikuwapo? Zilikuwa kwenye ahadi ya Bwana K. Na ahadi ya Bwana K, kama anasema kweli, ilikuwa kwenye ahadi ya hiyo ofisi. Sikuulizi ili ujione mwizi. Nakuuliza kwa sababu wewe unajua moyo wako ulikuwaje siku ile, na huenda wake ulikuwa vivyo hivyo. Huenda pia haukuwa. Jambo hilo linaweza kuchunguzwa, na kabla hujalichunguza neno "wizi" liweke kando kidogo.

Anza na kile kikaratasi. R/D ("refer to drawer") ni adabu za benki: kamuulize mwenyewe aliyeandika. Mara nyingi maana yake pesa hazikutosha, ila si lazima. Rudi benki uulize kama akaunti bado ipo wazi na kama malipo yalizuiwa. Nakutuma huko kwa sababu sheria inatofautisha. Kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamtia hatiani anayetoa hundi akijua akaunti haina pesa za kutosha, au akijua imefungwa, au akiwa ameshaiagiza benki isilipe. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Lakini kifungu hichohicho kinasema lile la kukosa pesa halihusu hundi iliyoandikwa tarehe ya mbele. Na zako zote tatu ziliandikwa Januari kwa tarehe za mbele. Sheria inaichukua hundi ya namna hiyo karibu na mkopo: ulijua siku ile pesa hazipo, ukakubali kungoja. Kama akaunti ilishafungwa alipokuwa akikuandikia, hapo mambo ni mengine, na polisi wana la kuuliza. Lakini ile ya Februari ilipita, kwa hiyo nadhani ilikuwa hai.

Nenda kwa wakili akuhakikishie haya kwa kesi yako, mimi ni karani mstaafu tu. Ila uone kwamba "bora akamatwe" huenda haina mlango uliodhani inao. Na hata ingekuwa nao, faini inaingia serikalini, haiingii kwenye droo yako.

Sasa huyo askari wa Ijumaa jioni. Mbinu hii ni kongwe. Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na saa hizo zikiishia siku ambayo mahakama haikai, siku ya kazi inayofuata. Ndiyo maana Ijumaa inapendwa. Kuna waliolipa kwa njia hii, sitakuficha. Lakini tazama unachonunua. Unampa mtu hongo atumie sare ya serikali kukudai deni, na kesho yeye ndiye atakayekuwa na siri yako. Bwana K akitoka Jumatatu anaweza kukulipa kwa pesa aliyoikopa kwa riba kali, au akakuandikia hundi nyingine akiwa bado na usingizi wa sakafuni, nayo irudi. Na wakili wake atakuwa na hadithi nzuri ya kusimulia, ya jinsi sheria ya jinai ilivyogeuzwa kuwa dalali wa madeni.

Kuhusu picha ya hundi kwenye kundi, naielewa hasira ya kaka yako, na wafanyabiashara wana haki ya kuambizana. Mwenye duka akikupigia akuulize, "Huyu nimkopeshe?", mwambie ukweli: nilimkopesha, hundi ya pili imerudi. Hiyo ni tofauti na kutandaza jina la mtu, namba ya akaunti na sahihi yake mbele ya watu mia mbili na neno "tapeli" chini yake. Ukitakiwa kulithibitisha neno hilo mahakamani, una nini mkononi? Isitoshe, akikosa mkopo kila duka, kazi itasimama, na kazi ikisimama ndipo pesa zako zitakapopotea kweli.

Shemeji yako mkubwa simpingi. Kumpa muhula mwenye dhiki ni jambo la dini na ni jambo la watu wa pwani. Ila mwulize kwa heshima: dhiki yenyewe ameiona, au amesimuliwa? Na umkumbushe kwamba katika sura hiyohiyo ya al-Baqara, aya mbili tu baada ya ile ya muhula, inakuja ile inayoamuru deni la muda liandikwe na lishuhudiwe, na hiyo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Kurani. Muhula na maandishi vimewekwa jirani. Shemeji akitaka umpe Bwana K muda, vizuri, na awe shahidi wa maandishi hayo, atie sahihi. Utashangaa jinsi watu wanavyopunguza maneno wakipewa kalamu.

Nikiwa mimi, ningetaka kumwona Bwana K uso kwa uso, nyumbani kwake au dukani, shemeji akiwapo. Ningemwomba alete karatasi: mkataba wa hiyo kazi, hati ya kuonyesha kiasi gani kimejengwa na kukubaliwa, na madai aliyoyapeleka. Mwanakandarasi wa kweli anazo, na kwa Kenya hii yetu mwanakandarasi kungoja malipo ya ofisi ya umma si hadithi ya kubuni. Akizileta, umejua unamdai mtu aliyekwama. Akizungukazunguka, umejua jingine.

Kama amekwama, mambo kadhaa yanawezekana. Anaweza kuandika barua kuiomba ofisi hiyo ikulipe wewe moja kwa moja kutoka kwenye pesa zake. Ofisi inaweza kukataa au kuchelewa miezi, basi usiitegemee peke yake. Mabati na vyuma ambavyo havijapanda juu ya jengo anaweza kuvirudisha, mkavipigia bei mpya kwa haki. Anaweza kulipa kidogo kidogo. Hata 20,000 kila Jumamosi, mradi imeandikwa ni deni la hundi ipi na imebaki ngapi. Na lile gari alilolitaja kwa mzaha, usiende kulichukua! Hata kama alisema njoo uchukue, ukilichukua bila maandishi unaweza kuwa wewe ndiye wa kujieleza polisi. Lakini linaweza kuwa rehani halali. Tangu 2017 Kenya ina sheria ya dhamana za mali inayohamishika, na dhamana kama hiyo husajiliwa. Kwanza hakikisha halijawekwa rehani mahali pengine.

Na hundi ya Aprili? Usiirudishe mkononi mwake kabla hujapewa kitu cha kushika badala yake. Ukiipeleka ikarudi, utakuwa na ushahidi wa pili, na yeye atakatwa ada, na benki yake inaweza kupeleka jina lake kwenye mashirika ya kumbukumbu za mikopo, ambako kila mkopeshaji atalisoma. Ukiiweka, umempa pumzi, lakini usilale: miezi sita ikipita tangu tarehe yake, benki itaiona imechakaa. Kati ya haya mawili siwezi kukuchagulia. Inategemea atakachokuonyesha kwenye ule mkutano. Ule ujumbe wake, "usipeleke kwanza", ni mali. Amekiri deni kwa kidole chake mwenyewe. Upige picha, uutume kwa mtu unayemwamini, simu ikianguka baharini pale kivukoni usipotee nao.

Akikataa kuonana, au akikubali na kuvunja, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Ilianza kazi Nairobi Aprili 2021 na Mombasa ipo pia. Inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na yako ni kama nusu ya hapo. Unaweza kusimama mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Chukua hundi, kikaratasi cha benki, risiti za mali, na barua uliyomwandikia kumjulisha kwamba hundi imerudi na unataka pesa zako kufikia siku fulani. Barua hiyo iandike hata kama hufikirii kwenda mahakamani. Hatari ya njia hii ni kwamba hukumu si pesa. Ukishinda na hana kitu, utakuwa na karatasi nzuri zaidi ya ile ya kwanza. Na utakapopita mbele ya mke wake sokoni, ndiyo, itauma. Hilo la mkewe uliliacha lijifiche kati ya mistari ulipotaja wanao wanamwita baba mdogo.

Ngoja niseme kuhusu daftari, kwa kuwa nadhani ndilo linalokunyima usingizi zaidi ya pesa. Umekuta 90,000 za 2016 bila alama nyekundu, ukasoma msamaha. Huenda ndivyo. Huenda pia marehemu alikuwa akingoja. Huenda alilipwa kwa saruji, au kwa kujengewa ukuta, akasahau kutia alama. Huenda alikuwa anaona haya kumdai rafiki, kama wewe. Kutotia alama si sawa na kuandika "nimesamehe", na yeye alikuwa mtu wa kuandika. Kwa sheria, deni la mkataba huwa na miaka sita ya kudaiwa mahakamani, na hilo limepita. Wewe unadai mali uliyoipima wewe, ukaandikiwa wewe, kwa kalamu yako. Ukimdai Bwana K hutakuwa unabatilisha ukarimu wa mumeo. Na ukiamua kumsamehe sehemu, usamehe kwa jina lako, kwa kiasi unachokijua, si kwa kukisia alichotaka marehemu.

Tumefika Alhamisi.

Mzee wa Changamwe ana haki ya kujua, na ana haki ya kujua kutoka kwako kabla ya kuambiwa na benki. Kifungu kilekile kinachomkinga Bwana K juu ya hundi ya tarehe ya mbele kinakukinga na wewe, kwa hiyo usilale ukiota pingu. Lakini ada utakatwa, na jina lako linaweza kuandikwa palepale litakapoandikwa lake. Usiende benki kuizuia kimyakimya. Usijaze akaunti kwa mkopo wa simu pia, utakuwa umehamisha shimo tu.

Mpigie umwombe mwonane. Nenda na sehemu ya hizo 94,000, si zote, duka lazima lipumue. Sema, "Mzee, ile ya Alhamisi haitapita. Nimeletewa hundi ikarudi. Hizi hapa 60,000, naomba unirudishie ile nikuandikie mbili za tarehe nitakazoweza." Mpelekee na kikaratasi cha R/D akione. Anaweza kukataa. Anaweza kusema kuanzia leo ni taslimu tu, na itakubana miezi kadhaa. Unaogopa atakuona mwanamke asiyeweza biashara. Labda. Mimi nilikaa kaunta miaka yote ile, na wauzaji wa jumla niliowajua walikuwa na droo nzima ya hundi zilizorudi, karibu zote za wanaume. Waliochukiwa na wauzaji hao ni wale waliozima simu.

Unakumbuka ulivyojisikia siku mbili zile Bwana K alipokuwa hapokei?

Mpigie leo, kabla ya adhuhuri, kisha uniandikie alivyosema.